Paka rangi posti zako, ujue ipi ipo hewani na ipi ishushwe leo

Leo tuongee kitu kidogo ambacho kinaokoa hela na kinaokoa jina: kuzipa posti zako rangi kulingana na hali yake. Siongelei rangi za kupamba picha. Naongelea rangi za kwako wewe muuzaji, ambazo mteja hazioni kabisa. Unafungua simu asubuhi, unatupa jicho mara moja, unajua posti gani zipo hewani, zipi zinasubiri picha, na zipi zinatangaza mzigo ambao umeshaisha.

Ukiwa na bidhaa tano kichwa kinatosha. Ukifika arobaini, na kila moja umeiweka Instagram, Facebook, katalogi ya WhatsApp na magrupu mawili matatu, hapo unaongelea posti zaidi ya mia moja na hamsini zinazotembea huko nje kwa jina lako. Kila moja ina bei. Kila moja inaahidi kitu. Na wewe upo Kariakoo unapigania mzigo mpya.

Januari moja jirani yangu wa biashara, dada anayeuza viatu vya watoto, alipata msala. Mama mmoja wa Morogoro aliona posti ya viatu vyeusi vya shule, akatuma 28,000 moja kwa moja, namba 36, mtoto anafungua Jumatatu. Namba 36 zilikuwa zimeisha tangu wiki iliyopita. Posti ya Instagram ilikuwa imerekebishwa vizuri kabisa, ila ile ya kwenye grupu la Facebook ilibaki vilevile na namba zote. Hela ya yule mama ikaingia, na kwa sababu ilikuwa Januari ikatoka palepale na mzigo. Kurudisha ikachukua siku nne. Ndani ya siku hizo nne neno "tapeli" lilishaandikwa mara tatu chini ya picha zake, na mtu aliyeliandika hakuwa na makosa, maana kwa upande wake alituma hela na mtoto akaenda shule na ndala. Dada yule si tapeli hata kidogo. Tatizo lake lilikuwa hakuwa na sehemu moja inayomwambia kwamba kile kiatu bado kipo hewani mahali fulani.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Kabla ya rangi lazima ujue posti inapita hatua gani. Kwangu mimi zipo sita, na nimezipa majina mafupi kwa herufi kubwa ili yasichanganywe.

WAZO: nimefikiria kuiposti, sijafanya chochote. Haina rangi, nyeupe tu.

INASUBIRI: nimeanza, ila kuna kitu kimekwama. Picha haijapigwa, au bei ya jumla haijathibitishwa, au mzigo uko njiani. Hii ni njano.

TAYARI: picha ipo, maneno yapo, bei ipo, mzigo nimeushika kwa mkono. Naweza kuiposti hata saa hii. Bluu.

HEWANI: watu wanaiona. Kijani.

REKEBISHA: watu wanaiona LAKINI si kweli tena. Namba zimeisha, bei imepanda, rangi moja imebaki. Nyekundu.

IMEFUNGWA: imeshushwa au imeandikwa "imeisha" kila sehemu ilipo. Kijivu.

Angalia vizuri hizo mbili za mwisho, maana hapo ndipo faida yote ilipo. Watu wengi wakipanga hali za posti wanaweka "haijapostiwa" na "imepostiwa" basi, wamemaliza. Lakini muuzaji hapotezi jina lake kabla ya kuposti. Analipoteza kati ya dakika mzigo ulipoisha na dakika posti ya mwisho iliposhushwa. Hicho kipindi kwa wengine ni dakika kumi, kwa wengine ni miezi miwili. Nyekundu ni rangi ya hicho kipindi tu. Siitumii kwa posti iliyokosa laiki, wala mteja msumbufu, wala kitu kingine chochote.

Mtu ataniuliza, kwa nini zisiwe kumi na mbili? Kuna "nimempa mpiga picha", "nimetuma kwa wakala", "imepangwa kwa Ijumaa". Unaweza, ila utachoka kabla ya wiki mbili. Umeshaona ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto kliniki? Una rangi tatu. Kijani mtoto yuko salama, njano yuko hatarini, nyekundu, chini ya sentimita 11.5, utapiamlo mkali, apate matibabu haraka. Mhudumu hakai kufikiria, rangi inamwambia afanye nini. Na rangi za posti zako ziwe hivyo. Kama rangi mbili zinakupeleka kufanya kitu kilekile, ziunganishe. Ndiyo maana kwangu "haina picha" na "haina bei" zote ni njano. Kinachokosekana nakiandika pembeni kwa maneno.

Sasa tutaziweka wapi? Mimi natumia Google Sheets, ni bure, ipo kwenye simu na inafunguka hata bila bando kama faili umeliruhusu kukaa nje ya mtandao. Kutengeneza mara ya kwanza nakushauri ufanye kwenye kompyuta, hata ya kuazima au ya steshenari kwa nusu saa, maana kioo cha simu kinabana. Ukishamaliza, kila siku utatumia simu. (Ukitumia kompyuta ya steshenari toka kwenye akaunti yako kabla hujaondoka. Nalisema hili kwa sababu nimeshakuta barua pepe za watu zimefunguka pale mtaani kwetu zaidi ya mara moja.)

Fungua jedwali jipya. Mstari wa kwanza andika vichwa hivi: A Bidhaa, B Mzigo uliobaki, C Bei, D Ilipo, E Hali, F Tarehe ya kukaguliwa, G Maelezo. Bidhaa zianze mstari wa pili. Kila bidhaa mstari wake.

Kwenye kolamu E usiandike hali kwa mkono. Ukiandika kwa mkono leo utaandika "HEWANI", kesho "iko hewani", keshokutwa utaweka nafasi mwishoni bila kujua, na jedwali litaona hivyo ni vitu vitatu tofauti. Chagua visanduku kuanzia E2 hadi E200, nenda menyu ya Insert, bonyeza Dropdown, andika zile hali sita. Sasa kila kisanduku kitakuwa na kimshale, unachagua tu. Hapo hapo itakupa nafasi ya kuweka rangi kwa kila hali. Ukiishia hapo umeshapiga hatua, ila rangi itakaa kwenye kisanduku kimoja tu. Kwenye simu, ukiwa unaangalia jina la bidhaa upande wa kushoto, kolamu E inaweza isionekane kabisa. Tunataka mstari mzima uwake.

Kwa hiyo chagua kuanzia A2 hadi G200. Nenda menyu ya Format, bonyeza Conditional formatting. Upande wa kulia litafunguka dirisha. Kwenye masharti shuka mpaka chini kabisa, chagua Custom formula is, halafu andika:

=$E2="HEWANI"

Chagua kijani cha kufifia, bonyeza Done. Ongeza sharti lingine, =$E2="INASUBIRI", njano. Endelea hivyo mpaka hali zote ziishe. WAZO usiipe chochote.

Ile alama ya dola watu huiruka, halafu wanasema fomula imegoma. Dola mbele ya E inaliambia jedwali: hata ukiwa unapaka rangi kisanduku cha A au C, kaangalie jibu kwenye E. Bila dola, likifika B litaangalia F, likifika C litaangalia G, na rangi zitaruka hovyo. Namba 2 haina dola kwa makusudi, ili mstari wa tatu uangalie E3 na wa nne E4. Ukielewa hapo tu, umeelewa sehemu ngumu kuliko zote, na wala haihitaji kusomea.

Halafu chagua rangi za kufifia, tafadhali. Nyekundu ile ya bendera inameza maandishi, hasa ukiwa juani na mwanga wa simu umeupunguza kuokoa chaji.

Sasa ongeza sharti lingine ambalo kwangu ndilo mlinzi wa duka:

=AND($E2="HEWANI",$B2=0)

Hili lipe nyekundu. Maana yake: kama posti nimeiandika ipo hewani lakini mzigo uliobaki ni sifuri, mstari uwe mwekundu wenyewe, nisisubiri mpaka nikumbuke kubadilisha hali. Liburute likae juu ya sharti la kijani, kwa sababu masharti mawili yakigombania kisanduku kimoja, la juu ndilo linashinda. Na ujue kisanduku kitupu jedwali linakihesabu kama sifuri, kwa hiyo bidhaa uliyosahau kujaza idadi itawaka nyekundu pia. Mimi naona ni sawa kabisa. Kama hujui una pea ngapi, kwa nini posti iko hewani?

Kama bei zako zinacheza cheza kufuatana na dola au msimu, ongeza na hili:

=AND($E2="HEWANI",TODAY()-$F2>14)

Posti iliyokaa hewani zaidi ya siku 14 bila kukaguliwa inabadilika rangi, mimi nimeipa rangi ya chungwa. Nalo likae juu ya kijani, ila chini ya nyekundu ya mzigo kuisha. Ukiikagua, unaandika tarehe ya leo kwenye F, kijani kinarudi. Nguo za mitumba siku 14 ni nyingi sana, weka 3. Vyombo vya jikoni unaweza kuweka hata 30. Wewe ndiye unajua mzigo wako unatembeaje.

Kitu kingine: rangi isitembee peke yake bila neno. Sababu ya kwanza, kuna watu macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani vizuri, na wengi wao ni wanaume. Kama unafanya kazi na kaka yako au kijana wa kufunga mizigo, anaweza kuwa mmoja wao na hajawahi kukwambia, pengine hata yeye hajui. Sababu ya pili ni ya kihesabu. Google Sheets haina fomula ya kawaida ya kuhesabu rangi, ila maneno inahesabu vizuri sana. Andika popote pembeni =COUNTIF(E2:E200,"INASUBIRI") itakupa idadi ya posti zilizokwama. Nimeshaona mtu amepaka jedwali zima kwa mkono, kisanduku kimoja kimoja, linapendeza kama khanga, lakini ukimuuliza zipo ngapi za njano anaanza kuhesabu kwa kidole.

Turudi kwenye kolamu D, ile ya "Ilipo". Hii ndiyo ingemwokoa yule dada wa viatu. Kila ukiposti, andika kifupi sehemu: IG, FB ukurasa, FB grupu, katalogi, TikTok. Kama grupu ni mengi, andika yapi. Mstari ukiwa mwekundu, unasoma D na kupita sehemu moja baada ya nyingine, na ruhusa ya kuweka kijivu inapatikana ukimaliza ya MWISHO tu. Ukibakiza moja, bado ni nyekundu, hata kama umechoka na ni saa tano usiku. Status ya WhatsApp mimi siiandiki, kwa sababu inajifuta yenyewe baada ya saa 24. Lakini katalogi haijifuti, na wengi tunaisahau, hasa baada ya kuijaza mara moja kwa mbwembwe.

Kila sehemu ina tabia yake. Instagram na Facebook unaweza kuhariri maneno, basi hariri badala ya kufuta kama namba nyingine zipo. Futa namba zilizoisha, acha zilizopo. Video ya TikTok iliyopata watazamaji wengi inauma kuifuta, na si lazima uifute: andika maoni yako mwenyewe kwamba huo mzigo umeisha na upi umefuata, kisha uyabandike juu. Kwenye grupu la watu wengine, shusha kabisa, usihariri, maana hakuna anayerudi kusoma ulichobadilisha. Na kama posti umeilipia tangazo, simamisha tangazo KWANZA kabla ya mengine yote. Kila dakika inayopita unalipa hela ili watu waulize kitu ambacho huna.

Huna kompyuta wala hupendi mambo ya fomula? Daftari linafaa, kwa tahadhari moja. Ukipaka kalamu ya rangi kwenye daftari haifutiki, na hali ya posti inabadilika kila siku, kwa hiyo ndani ya wiki ukurasa utakuwa kama ubao wa fundi rangi. Kata vipande vya manila, kila bidhaa kipande chake, andika jina na bei kwa penseli. Tundika ukutani bahasha au mifuko sita, kila mmoja na rangi yake na jina lake. Kipande kinahama mfuko, hakibadilishwi rangi. Niliona mshona magauni mmoja anafanya hivi kwa oda zake na kwa kweli alinishinda mimi na jedwali langu, kwa sababu hata umeme ukikatika mifuko iko ukutani.

Wengine wanajitumia ujumbe wenyewe WhatsApp na kuweka viduara 🔴🟡🔵🟢 mbele ya kila bidhaa. Wazo si baya, ila ujumbe wa WhatsApp unaweza kuuhariri ndani ya dakika 15 tu tangu uutume. Baada ya hapo umekwama na orodha ya jana. Weka orodha hiyo kwenye programu ya kuandikia noti, kama Google Keep, unabadilisha kiduara muda wowote.

Na wenye WhatsApp Business mnazo zile lebo za rangi. Zile ni za mazungumzo ya wateja, si za posti, na mteja hazioni. Unaruhusiwa hadi lebo 20, mimi nina tano tu. Ninachoomba uzingatie ni kwamba rangi ziongee lugha moja. Kama njano kwenye jedwali ni "inasubiri", basi na mteja anayesubiri kuthibitisha malipo awe njano. Ukifanya njano kuwa "amelipa" upande mmoja na "imekwama" upande mwingine, siku ya presha utachanganya, na siku za presha unazijua: wiki ya mwisho ya Ramadhani, Desemba katikati, na hii Januari ya sare na viatu.

Kama mko wawili au zaidi, amueni nani anabadilisha hali. Kwangu mimi sheria ni kwamba anayeuza kipande cha mwisho ndiye anayepunguza namba kwenye kolamu B, palepale, kabla ya kufunga mzigo. Siyo mimi jioni. Mdogo wangu mwanzoni aliona namsumbua, sasa yeye ndiye ananipigia kelele. Na sheria nyingine: mteja akiuliza "ipo?", unafungua jedwali kwanza ndiyo unajibu. Inachukua sekunde kumi. Lipa namba haitolewi kwa mstari mwekundu hata mteja akiwa na haraka kiasi gani.

Muda? Asubuhi dakika kumi. Naanza na nyekundu zote mpaka ziishe, halafu chungwa, halafu nachukua bluu mbili au tatu za kuposti siku hiyo. Njano naziangalia Jumapili, natafuta zilizokwama muda mrefu. Posti ikikaa njano mwezi mzima mara nyingi tatizo si picha, ni kwamba mwenyewe ule mzigo huuamini. Uza kwa bei ya kutolea, hela irudi kwenye mzunguko.

Mistari ya kijivu usiifute. Ikijaa, ihamishie ukurasa wa pili wa jedwali hilohilo. Ukifika msimu mwingine una majina, bei uliyouzia na maneno uliyotumia, unabadilisha tarehe na bei, unairudisha TAYARI, na picha ukizihifadhi vizuri umeshamaliza nusu ya kazi.

Jambo la mwisho kwa watakaonakili fomula zangu kutoka hapa kwenye simu: zikikataa, angalia zile alama za kunukuu. Simu nyingi na mitandao hii huzigeuza zikawa zile zilizojikunja, na jedwali linataka zilizonyooka. Zifute, uziandike upya mwenyewe kwa kibodi ukiwa ndani ya jedwali, itakubali.